Jedwali la ng'ombe: jina likikubaliwa si kwamba linafaa

Mbukwenyi! Asanteni kwa kunikaribisha. Mliosimama mlangoni sogeeni, viti vya mbele haviumi.

Nianze na ng'ombe, maana hapa Dodoma usipoanza na ng'ombe hueleweki. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye timu iliyotengeneza kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa kwenye kompyuta, ya mifugo inayoingia mnadani. Tulitumia programu ya kanzidata iitwayo PostgreSQL. Nikaandika CREATE TABLE ng'ombe, yaani tengeneza jedwali la ng'ombe, ikagoma. Ilikuwa na haki yake: kwenye SQL, lugha ya kuiamuru kanzidata, ritifaa, ile alama ya juu kwenye ng', ndiyo inayofungua na kufunga maandishi, kwa hiyo ilikuwa bado inasubiri nifunge nilichofungua. Nikajifanya mjanja, nikalizungushia jina alama za mtajo: "ng'ombe". Ikakubali, nami nikaenda kunywa chai.

Mwenzangu alikuwa na mazoea ya kuandaa amri zake kwenye Word, na Word ikiona ritifaa huikunja mkia. Amri yake ilisema: tengeneza jedwali hili kama halipo. Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye utamu. Ritifaa iliyonyooka hairuhusiwi bila alama za mtajo, lakini hii iliyopinda PostgreSQL huihesabu kuwa herufi tu, kama a au b. Ikatazama, ikaona ng’ombe hayupo, ikamtengeneza. Tukawa na majedwali mawili ya ng'ombe, yote halali. Makarani wakawa wanaingiza mifugo kwenye lake, ripoti yangu inasoma kwenye langu. Ripoti ikatoka sifuri, wakati vumbi la mnada liko hadi kwenye nyusi zetu.

Siku mbili tulitafuta. Kwenye orodha majina yale yalikaa moja chini ya jingine na sote tuliona jina moja limejirudia. Kilichonifungua macho ni kupima urefu kwa baiti, yaani nafasi ambayo herufi hula kwenye kompyuta: la kwanza baiti 7, la pili baiti 9, maana ritifaa iliyopinda hula zaidi.

Hilo ndilo lililonileta. Kanzidata ikikubali jina, imesema tu kwamba inaweza kulisoma. Na jina lisilosimama bila alama za mtajo ni deni, atakayelilipa ni kila atakayeligusa baada yako. Tena alama zenyewe hazifanani kwa kila programu ya kanzidata: PostgreSQL na Oracle wanataka mtajo, MySQL kwa kawaida inataka kile kialama kilicho juu ya kitufe cha Tab, SQL Server imezoea mabano ya mraba.

Kuna la hatari kuliko la kugoma: lile linalojibu uongo. Mtu anaita jedwali la watumiaji "user", kwa mtajo. Halafu aliyemrithi kazi anaandika SELECT * FROM user, yaani nionyeshe yote yaliyo kwenye user, bila mtajo. PostgreSQL hailalamiki. Inamrudishia mstari mmoja wenye jina lake mwenyewe, alilotumia kuingilia! Anadhani mfumo mzima una mtumiaji mmoja.

Herufi kubwa nazo. PostgreSQL hushusha kila jina lisilo na mtajo kuwa herufi ndogo, Oracle huyapandisha. Ukitengeneza "Mifugo" kwa mtajo, kesho ukiandika Mifugo bila mtajo unaambiwa mifugo haipo. MySQL ina tabia nyingine: kwenye kompyuta ya Windows Mifugo na mifugo ni kitu kimoja, ukihamia seva ya Linux ni vitu viwili. Mfumo uliotembea vizuri ofisini unafia kwenye seva.

Nafasi mwishoni mwa jina, "mnada " kwa mfano, PostgreSQL inaruhusu. Sitawaambia zaidi, msije mkajaribu.

Majina marefu: PostgreSQL ina kikomo cha baiti 63. Niliwahi kukuta taarifa_za_mifugo_iliyouzwa_mnadani_kwa_mwaka_wa_fedha_2023_2024. Hesabuni, ni 64. Ilitoa onyo ambalo hakuna aliyelisoma, ikakata ile 4 ya mwisho. Mwaka wa fedha ukaishia 202, kabla Kilwa haijawa na sultani.

Na wakati mwingine huna kosa. Uliita jedwali la vikundi vya akiba groups, likatembea miaka bila mtajo. Mwaka 2018 ikatoka MySQL 8.0, na groups likawa neno la lugha yenyewe. Rank vivyo hivyo. Mimi nikisikia hivyo naona heri vikundi. Kiswahili chetu kina kinga hiyo ya bure, maneno ya SQL yametoka Kiingereza, sijui kwa nini tunaikimbia.

Naona mwalimu wa Kiswahili pale amenyoosha mkono. Anauliza kama namshauri aandike ngombe bila ritifaa.

Hapana, mwalimu. Sisi jedwali tuliliita mifugo, likawa na safu ya aina, na mbuzi na kondoo wakapata pa kukaa. Ndani ya safu ng'ombe anaandikwa kwa ritifaa yake kamili. Ukimwandika kwa mkono ndani ya amri, ritifaa unaiweka mara mbili: 'ng''ombe'. Ila kwenye programu usiunganishe maandishi mwenyewe. Tuma thamani kama kigezo, kando ya amri, na ritifaa haitakusumbua. Kubadilisha jina la jedwali kulichukua sekunde moja. Kuzisaka ripoti zote zilizolitaja la zamani kulituchukua wiki mbili, na moja tuliikuta Kongwa kwenye kompyuta ya karani, inaendelea kuita ng'ombe wenye mkia.