Si Kila Injini Inayogonga Imenoki

Mhadhara kwa madereva na mafundi wanafunzi, Malindi

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Nawaona wa tuktuk wamekaa nyuma karibu na mlango, wasije wakakosa abiria. Sawa, hata nanyi mna injini.

Nianze na neno. Hapa kwetu gari likitoa mlio wowote chini ya boneti, mwenyewe anashuka na kusema, "Fundi, limenoki." Likizima pale Gede lisiwake tena, limenoki. Injini iliyokufa kabisa, konirodi, ule mkono wa pistoni, imetoboa bloku, nayo imenoki. Neno moja limebeba dalili, ugonjwa na mazishi. Ndiyo maana mtu akilisikia huanza kupiga simu Mombasa kuulizia bei ya injini ya mtumba, na mlio wenyewe hajausikiliza hata dakika mbili.

Mimi nimefanya kosa hilo, tena nikiwa na spana mkononi. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeachiwa kazi peke yangu. Akaja mzee mmoja na Datsun 1200 pikapu, anachukulia samaki Ngomeni. Ilikuwa inagonga: ko, ko, ko, sauti nzito, injini ikiachwa ingurume yenyewe bila kukanyagwa. Ukikanyaga mafuta kidogo, inapungua. Nikatega sikio, nikasema hii inatoka chini, basi ni beringi za konirodi. Nikamwaga oili, nikashusha sampu, lile bakuli la oili la chini, nikalala chini ya gari tangu asubuhi mpaka adhuhuri inaadhiniwa. Beringi zikatoka zima, za kijivu, laini, hazina mkwaruzo. Nikazirudisha, nikafunga, nikajaza oili, nikawasha. Ko, ko, ko.

Mzee hakunitukana. Alikaa juu ya debe lake akinitazama tu, na heri angenitukana.

Fundi wangu alipofika alizima injini, akashika puli ya krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), ile ya chini inayovuta fanibelti, akaitikisa kwa vidole viwili. Ikacheza. Boliti yake ilikuwa imelegea, na kile kichuma kidogo kinachoishikilia isizunguke peke yake kilikuwa kimelika. Pembeni palikuwa na unga mwekundu, mwembamba kama poda. Unga ule nilikuwa nimeuona tangu asubuhi! Nikadhani ni kutu ya bahari, maana Malindi hii nani anashangaa kutu? Kumbe chuma kikisuguana na chuma kwa mtikisiko mdogomdogo hutoa unga huohuo, hata kama gari halijawahi kupita karibu na pwani.

Nilikosea wapi? Nilifuata mahali. Bloku ni pande moja la chuma, na chuma hubeba sauti. Ya mbele utaisikia nyuma, ya juu utaisikia chini. Hata ukichukua bisibisi ndefu, ukaweka ncha kwenye injini na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, kama tunavyofanya sote, utapata fununu tu. (Na ukifanya hivyo funga shati na usivae mtandio. Feni ya umeme huwaka yenyewe, haipigi hodi.)

Mahali panadanganya. Mdundo ndio wa kuuliza. Mliokulia huku mnajua ngoma ya chakacha: vumi na chapuo hupigwa pamoja, lakini hata mtoto aliye nje ya ukumbi hachanganyi hii na ile. Injini nayo ina ngoma mbili. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti, mhimili unaofungua valvu, huzunguka mara moja. Ni hivyo kwa kila injini ya stroku nne, ya petroli au ya dizeli. Krenki ikienda mizunguko 600 kwa dakika, ni 10 kwa sekunde. Valvu moja hapo hufunguka mara 5 tu. Basi kinachogonga kwa nusu ya mwendo mara nyingi kiko upande wa valvu na kamshafti. Kinachogonga kwa mwendo kamili mara nyingi kiko kwenye krenki, au kwenye chochote kilichofungwa nayo.

Mtaniuliza, nani awezaye kuhesabu mara kumi kwa sekunde? Hakuna. Lakini ile taa ya taimingi mnayoitumia siku ya tyunapu, inayomulika kila plagi inapotoa cheche, inaweza. Ibane kwenye waya wa plagi namba moja. Kwenye gari la distributa, kile kigawa cheche kwa plagi zote, plagi hiyo hutoa cheche mara moja kila mizunguko miwili ya krenki. Sasa tazama mwanga huku unasikiliza. Pigo moja kwa kila mwako wa taa, nenda juu. Mapigo mawili, nenda chini. Magari ambayo koili moja hulisha plagi mbili kwa pamoja, hesabu hii haiwafai, kwa kuwa cheche hutoka kila mzunguko. Lakini leo tunasema habari za wazee.

Haya, Datsun ile ilikuwa ya mapigo mawili. Kwa hiyo kuhesabu peke yake kusingeniokoa! Mdundo hukutajia ukoo, haukutajii mtu. Konirodi, pistoni, flaiwili, puli, wote hao ni watoto wa krenki. Aliyetakiwa kuulizwa baada ya hapo ni plagi.

Chukua koleo yenye mipini ya mpira, toa waya wa plagi moja, uguse kwenye chuma cha injini. Usiuache unaning'inia, cheche ikikosa pa kwenda huitesa koili, na ikikuchagua wewe utaruka. Silinda hiyo sasa haichomi, pistoni yake haisukumwi kwa nguvu, na beringi iliyolegea haipigwi kama mwanzo. Sauti ikipungua au ikipotea, umeshampata. Rudisha, nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Ukizizima zote mojamoja na ko-ko ikabaki vilevile, acha sampu mahali pake. Zima injini, toa fanibelti, washa kwa dakika moja, isizidi, kwa sababu pampu ya maji haizunguki. Sauti ikiondoka na belti, tafuta kwenye olteneta, kwenye pampu, kwenye puli. Kazi yote hiyo ni robo saa. Mimi nililala chini ya gari nusu siku.

Wenye Hiace za dizeli za kizamani, nyinyi hamna plagi za kuchomoa. Mnalegeza nati ya bomba la nozeli, moja baada ya nyingine, mkiwa mmeifunika kwa kitambaa na uso mmeuweka mbali. Msipeleke kidole kutafuta panapovuja. Dizeli yenye presha hupenya ngozi, na hapo ni hospitali moja kwa moja, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano.

Tapeti, vile vichuma vinavyosukuma valvu, sitazikalia sana. Ni ule mlio mwepesi wa juu, tiki-tiki-tiki. Wenye magari huuchukia. Mimi naiogopa zaidi tapeti iliyobanwa ikanyamaza: valvu yake haifungi sawasawa, moto unapita pembeni, ukingo unaungua. Gari linakwenda kimya kimya kuelekea kufungua silinda hedi.

Kuna mlio wa asubuhi, gari likiwa baridi, ukipata moto unapotea. Huo una wenyewe wawili. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hugonga mpaka itanuke kwa joto, na gari la hivyo linaweza kwenda miaka. Wa pili ni gasketi ya manifoldi ya ekzosi. Inavuja, inatoa tiki-tiki kama tapeti, chuma kikipata moto kinajibana na sauti inakufa. Tafuta alama nyeusi ya masizi pale manifoldi inapokutana na hedi. Wangapi wamelipia tapeti kumbe ni gasketi!

Halafu ule wa kupanda Mazeras na mzigo, kama kokoto ndani ya kopo. Pale hakuna chuma kilicholegea. Ni mafuta yanalipuka vibaya ndani ya silinda: taimingi, yaani wakati wa cheche, imetangulia mno, au masizi yamejaa, au petroli ni dhaifu. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hufanya hivyo hivyo, na mnakumbuka mwaka 2018 mafuta ya taa yaliongezewa tozo ili kuukomesha mchezo huo. Rudisha distributa nyuma kidogo, jaza kituo kingine, usikilize tena. Usiuache lakini. Ukiendelea hutoboa pistoni.

Nimechelewa kutaja oili, na ndiyo ya kwanza. Kabla ya taa, kabla ya koleo, vuta kijiti cha kupimia oili. Injini inayogonga kwa kukosa oili haihitaji mhadhara. Na msiniletee gari lililotiwa oili nzito juu ya nzito ili linyamaze. Habari za ndizi na unga wa mbao wa kuficha mlio mmezisikia, na aliyewahi kununua gari la namna hiyo anajua lilinyamaza kwa siku ngapi.

Ndiyo, mama, pale mbele? ... Mama anauliza, taa nyekundu ya oili ikiwaka na mlio mzito pamoja, afike nyumbani kwanza? Hapana, mama yangu. Zima hapo hapo, hata kama umebakisha nyumba mbili. Hizo nyumba mbili ndizo zinazokula krenki.

Sasa tutoke. Kuna Corolla ya kizamani chini ya mwarobaini, ina distributa na inagonga. Mwenyewe ameapa hatatuambia nini kilichoharibika, na mimi sijaifungua. Mwenye kanzu akunje mikono. Nani amekuja na koleo?