Punda Jike katika Miezi Mitatu ya Mwisho ya Mimba: Mhadhara kwa Wenye Punda wa Mombasa

Assalaam alaikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mnaoshika hatamu tangu alfajiri. Nawashukuru kwa kuyaacha madumu ya maji na mikokoteni yenu mkaja kunisikiliza. Nimeombwa nizungumzie uzazi wa punda, na najua wengi wenu mnatarajia nianze na usiku wenyewe wa kuzaa, kwa kuwa huo ndio unaotutia hofu. Nitaufikia. Lakini punda jike wengi ninaoitwa kuwatazama wakiwa mahututi huwa hawajaufikia usiku huo. Wako katika mwezi wa kumi au wa kumi na moja wa mimba, hawana jeraha, hawajaanguka, na mwenyewe ananiambia tu kwamba mnyama amepoa kidogo. Ninachotaka kuwashawishi leo ni kwamba punda mwenye mimba kubwa aliyekataa chakula kwa siku moja ni mgonjwa wa dharura, sawa na yule aliyekwama mtoto akiwa anazaa.

Farasi hubeba mimba kwa takriban miezi 11, na punda kwa takriban miezi 12, wengine wakivuka hata mwezi wa kumi na tatu bila hitilafu yoyote. Kwa wale wasioandika tarehe, hesabu ya miezi yetu husaidia: punda aliyepandwa katika Ramadhani iliyopita atakuwa amekaribia kuzaa Ramadhani hii au katika mwezi wa Mfungo Mosi. Huzaa mtoto mmoja, na mimba ikiharibika ni mwaka mzima umekwenda. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya mwaka 2019 ilipata takriban milioni 1.2, na katikati ya hesabu hizo, kuanzia mwaka 2016, palikuwa na machinjio yaliyopewa leseni kwa ajili ya biashara ya ngozi. Mnyama anayezaa polepole namna hii hawezi kujaza pengo la kasi hiyo, na ndiyo maana kila mimba mliyo nayo majumbani ni ya kulindwa.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe. Punda ameumbwa kwa nchi kame, na mwili wake unajua kuweka akiba ya mafuta na kuitumia chakula kinapopungua. Katika miezi mitatu ya mwisho mtoto tumboni hukua kwa kasi kubwa na kudai nguvu nyingi, wakati huohuo tumbo la uzazi likibana nafasi ya chakula. Ikitokea kwamba mama hakula, kwa sababu yoyote iwayo, mwili hufungua akiba yote kwa mpigo na mafuta humwagika katika damu. Ini hulemewa, figo hulemewa, na mnyama hupoteza hamu ya kula zaidi, jambo linalozidisha mafuta yaleyale yanayomuua. Nikichota damu ya punda wa namna hiyo na kuiacha chupa isimame wima kwa muda, chembe nyekundu hutuama chini, na sehemu ya juu, ambayo kwa mnyama mzima ingekuwa na rangi ya manjano iliyo angavu, huwa nyeupe kama tui. Tukifika hapo, hata kwa dripu ya sukari na uangalizi wa usiku na mchana, wengi hufa, na mtoto hufa pamoja nao. Punda mnene ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu akiba yake ni kubwa; kwa hiyo asiwepo anayemkondesha punda mwenye mimba kwa kumpunguzia chakula.

Ugumu ni kwamba punda haonyeshi maumivu kama farasi. Farasi akiumwa na tumbo hujipiga chini na kugaagaa. Punda husimama kimya, masikio yamelegea, kichwa kimeinama, nasi tunasema huyu ni mpole. Zaidi ya hayo, yuko punda anayekwenda mpaka penye chakula, akaingiza mdomo, akaonekana anatafuna, kumbe hamezi kitu. Usimtazame mdomo. Tazama kiasi kilichobaki, na hesabu mavi asubuhi, maana asiyekula hanyi. Akionyesha dalili hizo, mpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na wakati unamngoja mjaribu kwa nyasi mbichi, karoti au ndizi, kidogokidogo.

Kinachomfanya aache kula mara nyingi ni mambo tunayoyafanya sisi. Punda akihamishwa kwa lori, akiuzwa kwa mwenye mpya, au akitenganishwa na mwenzake aliyezoea kusimama naye kwa miaka, anaweza kususa chakula kwa huzuni, na kwa mwenye mimba huzuni hiyo inatosha kumwua. Ukilazimika kumhamisha, wahamishe wawili. Meno nayo yachunguzwe mapema, kwa kuwa jino lenye makali humkatisha hamu kidogokidogo bila mtu kutambua. Halafu kuna majalala. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, lakini plastiki haijaisha mitaani, na punda anayefunguliwa ajitafutie huko Kisauni au Likoni hula taka pamoja na maganda, zikamziba tumbo. Mwenye mimba kubwa asiachiwe kuzurura.

Kuhusu kazi, nasema bila kumung'unya maneno: katika miezi hiyo mitatu asivute mkokoteni. Najua kuna mwenye punda mmoja tu na watoto wa kulisha, na simdharau hata kidogo; tukae tuzungumze namna ya kuazimana wanyama kwa zamu, kwani jambo hilo linawezekana kati ya majirani. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360, inakataza kumtumikisha mnyama asiyefaa kwa kazi, na mimi ningependa tuifuate kwa kumhurumia mnyama kabla ya kuogopa faini. Katika joto la kaskazi apate kivuli na maji safi mchana kutwa, si ndoo moja jioni.

Chanjo ya pepopunda irudiwe wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa, ili kinga iingie katika maziwa ya kwanza. Dawa ya minyoo na ya kupe ipangwe na daktari, kwa sababu si kila dawa ni salama kwa mwenye mimba.

Kiwele huanza kujaa wiki chache kabla ya siku. Siku za mwisho utaona kwenye ncha ya kila chuchu tone lililoganda, lenye rangi ya asali, mfano wa nta. Misuli ya shina la mkia hulegea, na uke hurefuka. Lakini maziwa yakianza kudondoka mapema mno, au ukiona uchafu ukimtoka ukeni, usifurahie kwamba ana maziwa mengi. Huenda kondo la nyuma limeingiwa na maradhi, na mimba inaweza kutoka.

Wengi huzaa usiku, tena hupenda kusiwe na watu. Mkae mbali, taa iwe hafifu. Chupa ya maji ikishavunjika, mtoto hutoka kwa kawaida ndani ya dakika 20 hadi 30, ambao ni muda mfupi kuliko wa ng'ombe, na waliozoea ng'ombe hungoja wakachelewa. Kwanza huonekana utando mweupe, na ndani yake kwato mbili za mbele, moja ikitangulia kidogo, kisha pua juu ya magoti. Ukiona badala yake mfuko mwekundu wenye sura ya mahameli, kondo limebanduka kabla ya wakati na mtoto amekatika pumzi. Hapo usingoje ruhusa ya yeyote: upasue mfuko mara moja na umsaidie mtoto atoke, ukivuta pale mama anaposukuma. Ikiwa mfuko ni mweupe lakini dakika 20 zimepita bila maendeleo, umefika wakati wa daktari.

Kondo la nyuma linapaswa kutoka ndani ya saa 3. Lisipotoka, msilivute na msilikate. Lifungeni fundo lisikanyagwe, na daktari aje, maana kipande kidogo kikibaki ndani huoza, sumu yake ikashambulia damu na kwato. Likitoka, litandazeni juu ya gunia safi mlihakikishe ni zima, na ncha zote mbili za pembe zake zipo. Mlihifadhi ndani ya ndoo yenye mfuniko nilione.

Mwanapunda asimame ndani ya saa 1 au 2 na kunyonya ndani ya saa 2 hadi 3. Hakupata kinga yoyote akiwa tumboni, kwa sababu kondo la punda halipitishi kinga hiyo kwenda kwa mtoto. Yote imo katika dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza, na utumbo wake huipokea vizuri katika saa 12 za mwanzo, kisha mlango huo hufungwa ndani ya siku moja. Kwa hiyo anayesema dang'a ni chafu, imwagwe, anamnyima mtoto uhai. Kitovu kichovywe katika dawa ambayo daktari atawaachia mapema.

Nawaomba pia mpange na daktari kabla ya usiku kufika. Anayeishi Likoni na daktari wake yuko kisiwani akumbuke kwamba katikati kuna kivuko, na dakika 20 nilizozitaja hazingoji feri. Akubaliane na mtaalamu wa mifugo aliye upande wake wa maji, aweke namba mbili za simu, na amwonyeshe mapema nyumba yenyewe na njia ya kufikia zizi.