Dadu Iliyopenda Sita

ZUHURA: Assalamu alaikum, wasikilizaji wetu. Leo tumeketi dakani kwa kaka Athmani, mtaa wa Langoni hapa Lamu. Punda akilia katikati ya mazungumzo, mtatuvumilia. Mbele yetu pana ubao, na tangu nifike sijauondolea mkono. Kaka, waelezee wasiouona.

ATHMANI: Wa alaikumu salamu, dada Zuhura. Ni ubao wa mbambakofi, mraba, kama sentimita 45 kila upande. Una vishimo vya duara vilivyopangwa kwa umbo la msalaba: 56 vya njia, halafu kila mchezaji ana vinne vya kuanzia na vinne vya nyumbani. Wachezaji ni wanne. Kimebaki hiki kimoja cha katikati. Jumla 89, na ndani yake zinakaa gololi.

ZUHURA: Mimi nilipouona nikasema, ah, ludo.

ATHMANI: Ni nduguye ludo. Wamarekani huuita Wahoo, na huko wengi huuchonga wenyewe nyumbani. Gololi yako haitoki mpaka upate sita au moja. Ukimkuta mwenzio kwenye kishimo, unamla, anaanza upya. Kuingia nyumbani lazima hesabu iwe kamili. Lakini kishimo hiki cha kati ndicho kilichonipendeza: ukikiangukia sawasawa umekata njia, ila hutoki humo mpaka dadu ikupe moja.

ZUHURA: Mpwa wangu juzi alikaa humo zamu tisa. Alikaribia kulia.

ATHMANI: Na mwisho alishinda?

ZUHURA: Alitushinda sote! Na hilo ndilo lililonifanya niombe tuuzungumze ubao huu. Pale Mkunguni, mbele ya ngome, wazee wanacheza bao, na bao ni akili tupu, halina bahati. Mtoto wa miaka minane atasimama atazame. Akikaa kucheza, ataliwa kete zote kabla hajajua kimetokea nini. Hapa anakaa na babu yake wakiwa sawa.

ATHMANI: Naam. Sisemi bao liachwe, mimi mwenyewe nalipenda. Lakini nilitaka nyumbani pawe na mchezo ambao mwanangu hasubiri akue ndipo aweze kunifunga.

ZUHURA: Na asili yake ni wapi, hasa?

ATHMANI: Ludo ilisajiliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, lakini mama yao ni pachisi ya Uhindi. Kule Fatehpur Sikri, mji wa mfalme Akbar, mpaka leo uani pana ubao mkubwa wa pachisi sakafuni. Husimuliwa kuwa mfalme alitumia watu badala ya kete. Na jina lenyewe linatokana na 25 kwa Kihindi, kwa sababu badala ya dadu walirusha kauri, vile vikombe vidogo vya baharini. Wakiwa na kauri sita, wanahesabu zilizolala mdomo juu, na zote zikilala kifudifudi unapata 25.

ZUHURA: Ngoja kidogo. Kauri? Bibi yangu kauri ndogo za pwani aliziita kete.

ATHMANI: Ndiyo hivyo! Kete ni kauri, na kete ndiyo tunayochezea. Neno hilo nililitumia miaka yote bila kulitazama.

ZUHURA: Haya, tuje kwenye uchongaji. Mbao ulipata wapi?

ATHMANI: Kwa fundi wa milango. Vipande vinavyobaki havimfai, mimi vinanitosha. Nikapiga randa, nikachora mistari kwa rula, nikatoboa kwa drili. Gololi zangu ni za milimita 16. Nikatumia ncha ya milimita 12, kwenda chini milimita 4 tu. Gololi inakaa kwenye ukingo wa kishimo, haifiki chini, kwa hiyo haiyumbi na unaweza kuinyanyua kwa vidole viwili. Ukichimba kipana zaidi inazama, na mtoto anaanza kuichokonoa kwa kucha. Kazi ya siku mbili, ukiongeza kupiga msasa. Kilichonishinda ni dadu.

ZUHURA: Kile kidude kidogo?

ATHMANI: Wiki nzima, dada. Ya kwanza niliikata ukingoni mwa ubao, pale ambapo moyo wa mti unakutana na mbao nyeupe ya nje. Upande mmoja mzito, mwingine mwepesi. Tena nukta nilizichimba kwa drili, na upande wa sita umepoteza mbao mara sita, mkabala wake upande wa moja umetobolewa mara moja tu. Mwanangu akacheza siku mbili, akaniambia, "Baba, dadu hii inapenda sita."

ZUHURA: Mashallah, ameona.

ATHMANI: Nikatia maji bakulini, kwa sababu dadu isiyo sawa ikielea, upande wake mwepesi hupanda juu. Mbao inaelea, huhitaji hata chumvi kama kwa dadu za plastiki. Nikaigeuza kwa kidole, nikaiacha, sita ikapanda juu. Nikairudia, sita tena. Nikaona haya, kwa sababu mtoto yule nilikuwa nimeshamwambia ni bahati tu. Ya pili nikaikata moyoni mwa mti peke yake, pembe zote nikazisugua kiasi kimoja, na nukta nikazichoma juu juu kwa msumari wa moto. Pande mbili zinazotazamana zinafanya saba, kama kawaida. Majini ikalala kila mara upande tofauti. Tukairusha mara 120 mimi na yeye, akiandika daftarini: sita ikatoka mara 22, moja mara 18. Hapo nikaridhika.

ZUHURA: Kuna jambo lazima niliulize, kwa sababu kwetu dadu haikuingia. Bibi alikataa kabisa.

ATHMANI: Na alikuwa na hoja. Hadithi ya Mtume kuhusu nardi, mchezo wa kale wa dadu, imo katika Sahihi Muslim, na wanavyuoni wengi wameichukua kuwa inakataza dadu hata bila pesa. Wapo wengine waliosema kinachokatazwa ni kamari, na mimi nimewafuata hao. Kwangu haiwekwi hata shilingi moja. Lakini jirani akiniambia ubao usifike kwake, haufiki, na sitomjadili mbele ya watoto wake.

ZUHURA: Nimekuelewa. Bibi angekuheshimu kwa hilo.

ATHMANI: Mwanangu yule mlangoni anatusubiri tumalize. Njoo, baba, kaa. Dada, za kijani ni zake, wewe chukua nyeupe. Mgeni aanze.

ZUHURA: Bismillahi. [Dadu inagonga ubao.] Tatu.

ATHMANI: Hutoki. Mpe mtoto.