Kuchapa Picha kwa Sukari, Mbinu Aliyoipenda Picasso

Karibuni watazamaji. Leo tunachapa picha kwa sukari, hii hii ya chai. Picasso alifunzwa mbinu hii na mchapaji Roger Lacourière huko Paris, na mwaka 1936 akachora nayo wanyama wa kitabu cha Buffon, mwanasayansi Mfaransa wa zamani, picha 31 zilizotoka mwaka 1942. Sindano ya kuchorea bamba hukupa mstari tu. Sukari hupokea brashi, nene au nyembamba, na ndiyo maana naipenda.

Chukua bamba la shaba, piga tupa kingo zake zisichane karatasi. Lisugue kwa chaki na siki hadi maji yatandae bila kujikusanya matone. Likibaki na mafuta, hata ya kidole, vanishi haitashika.

Koroga sukari kwenye maji ya moto hadi isikubali kuyeyuka tena. Changanya na wino mweusi, tia tone la sabuni. Chora bila woga, kisha acha ikauke mpaka inate kidogo tu.

Mimina vanishi ya lami, nyembamba kabisa. Ikiwa nzito haitaachia. Ikikauka, zamisha bamba kwenye maji ya uvuguvugu. Tazameni kwa karibu: sukari inavimba, vanishi inafanya nyufa, halafu inabanduka pale tu brashi ilipopita. Saidia kwa pamba, taratibu. Shaba hiyo inang'aa!

Sasa chembe za kuikinga shaba hiyo. Nyunyiza unga wa rosini, yaani utomvu mkavu wa msonobari, pasha bamba kwa chini hadi chembe ziyeyuke na kugandamana na shaba. Bila chembe hizi sehemu pana haishiki wino, inatoka kijivu.

Ziba mgongo wa bamba kwa utepe. Glavu, miwani, madirisha wazi. Litumbukize kwenye feriki kloraidi, dawa inayokula shaba isiyofunikwa, ileile ya mafundi wa saketi. Muda hutegemea nguvu ya dawa, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande kingine.

Suuza, ondoa vanishi kwa tapentaini na rosini kwa spiriti. Paka wino, futa kwa shashi, laza karatasi nene yenye unyevu, funika kwa blanketi la sufu, pitisha kwenye mashine ya kuchapia. Picha itatoka imegeuka, kulia kuwa kushoto.

Ukitaka weusi zaidi, nyunyiza rosini upya, ziba kwa vanishi sehemu ambazo weusi wake umeshatosha, rudisha kwenye dawa. Julai 1937, bamba la Mwanamke Anayelia Picasso alilirudia hivyo, akichapa hatua kwa hatua, hadi hatua ya saba.