Hannu Tihinen: Beki Aliyehamia Ofisini

Wakubwa zangu shikamooni, na viongozi wenzangu wa vilabu habari za mchana.

Mliniomba nizungumzie wachezaji wastaafu wanaoingia kwenye uongozi wa soka. Kwetu mada hii huishia kwenye ubishi uleule: huyu kacheza mpira, apewe nafasi, yule hata danadana hawezi, atatuongozaje? Leo nawapeleka mbali kidogo, Ufini, nchi ya watu kama milioni 5.5, ambako mpira wa magongo wa barafuni ndio unaotawala mioyo ya watu. Tumtazame Hannu Tihinen.

Amezaliwa 1976 huko Keminmaa, kaskazini kabisa, ambako Desemba jua likichungulia tu watu wanashukuru. Alikuwa beki wa kati. Alipitia HJK ya Helsinki, Viking ya Norwei, akaenda West Ham ya Uingereza kwa mkopo, kisha Anderlecht ya Ubelgiji, akamalizia FC Zürich ya Uswisi alikotwaa ubingwa 2007 na 2009. Timu ya taifa aliichezea mechi 76. Mwaka 2010 akatundika daluga.

Wengi wanamkumbuka kwa goli moja. Ni tarehe 30 Septemba 2009, Ligi ya Mabingwa, uwanja wa San Siro huko Italia, AC Milan wanawakaribisha Zürich. Dakika ya 10 inapigwa kona. Mpira unamfikia Tihinen akiwa ameligeuzia goli mgongo. Ananyanyua mguu kwa nyuma, anaugusa kwa kisigino, nyavu zinatikisika. Beki, jamani! Zürich wakaondoka na ushindi wa 1-0.

Goli tamu, lakini ofisini halina kazi. Ukiingia kwenye kikao cha bajeti, hakuna atakayekupitishia fungu kwa sababu ya kisigino. Mimi nadhani kilichomwivisha ni mambo mawili mengine. La kwanza, alikaa ndani ya vilabu vya nchi tano, akaona wenzake wanavyolea vijana na wanavyosomesha makocha. La pili ni kukosa. Kizazi chake, cha kina Jari Litmanen na Sami Hyypiä, ndicho bora Ufini iliyowahi kuwa nacho hadi wakati ule, na hakikufuzu mashindano yoyote makubwa. Novemba 2007 walikwenda Ureno mechi ya mwisho, wakihitaji ushindi tu waende Euro 2008, mashindano ya mataifa ya Ulaya. Ikaisha 0-0.

Naomba nichepuke kidogo. Katika kampeni hiyohiyo, wakicheza na Ubelgiji pale Uwanja wa Olimpiki wa Helsinki, bundi mkubwa alitua uwanjani, akakaa hadi juu ya mwamba wa goli, mechi ikasimama. Kwetu bundi akitua juu ya bati tunaanza kuulizana nani anaumwa. Wafini walishinda 2-0, na tangu hapo timu yao ya taifa inaitwa Huuhkajat, yaani Bundi. (Kicheko.) Ndiyo, ni kweli kabisa.

Turudi ofisini. Tihinen aliingia shirikisho la soka la nchi yake, akawa mkurugenzi wa ufundi. Kazi hiyo kwa mtazamaji haina ladha. Ni mitaala ya makocha, timu za vijana, kuzungumza na vilabu, na kwa Ufini ni kupambana na theluji. Ligi yao huchezwa kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli. Miezi iliyobaki mtoto wa miaka 12 atafanya mazoezi wapi? Lazima kuwe na nyasi bandia, na kumbi za ndani, nyingine ni mahema makubwa yanayosimamishwa kwa upepo wa mashine. Yote hayo ni fedha, na sehemu nzuri ya gharama za soka la watoto inatoka mifukoni mwa wazazi. Kiongozi asiyelijua hilo ataandika mipango mizuri ya karatasini.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa 2016. Kocha mkuu alikuwa Hans Backe kutoka Uswidi. Mwaka mzima, mechi 11, hakushinda hata moja. Kwenye kufuzu Kombe la Dunia, mechi nne, pointi moja. Desemba akatimuliwa. Hapo ndipo shirikisho lolote hupaniki, likatafuta jina kubwa la kutuliza mashabiki.

Wao walimpa Markku Kanerva. Huyu kasomea ualimu wa shule ya msingi, aliipeleka timu ya chini ya miaka 21 kwenye mashindano ya Ulaya ya 2009, alikuwa kocha msaidizi, akakaimu mara kadhaa. Alikuwa humohumo ndani, anawajua wachezaji tangu ni vijana. Tarehe 15 Novemba 2019, Helsinki, wakaifunga Liechtenstein 3-0 na kufuzu Euro kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mashabiki wakamwagika uwanjani.

Sitasimama hapa niseme Tihinen ndiye aliyewapeleka. Mshambuliaji Teemu Pukki alifunga magoli 10 katika kufuzu kule, mkurugenzi hafungi. Ninachosema ni kwamba kocha alipoondoka, palikuwa na mtu aliyekwisha kuandaliwa, na hiyo ni kazi ya ofisi. Hata sisi tulikuwa na Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars iliyocheza Kombe la Mataifa ya Afrika 1980, aliyeliongoza shirikisho letu 2004 hadi 2013. Mkipima kazi yake, msianze na mechi alizocheza. Anzeni na kozi za makocha, timu za vijana, na vitabu vya fedha.

Naona mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja nyasi bandia. Karibu, mzee wangu, mpeni kipaza sauti.