Namna ya kusafisha mshono wa upasuaji na kulitunza kovu lake

Ndugu mtazamaji, kabla ya kufungua chupa yoyote ya dawa, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, kisha ikaushe vizuri. Daktari asipoelekeza vinginevyo, bandeji ya kwanza huachwa kwa saa 48.

Sasa ibandue polepole huku ukiishikilia ngozi kwa mkono wa pili. Ikiwa imegandamana, ilowanishe kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 mpaka iachie yenyewe. Tazama kwa karibu: kingo za mshono huu zimekutana na hakuna usaha. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo pima joto kwa mgongo wa kiganja pembeni mwa mshono. Ukikuta joto linaloongezeka, uvimbe, harufu mbaya au homa, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Mshono mkavu kama huu husafishwa kwa maji hayo ya chumvi au maji safi, na hapo nasisitiza: spiriti na haidrojeni peroksaidi ziweke kando. Povu jeupe la peroksaidi huwapa wengi imani, ilhali hutokana na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kilichomo ndani ya damu na seli zetu wenyewe, na dawa hiyo huziua pia seli changa zinazojenga ngozi mpya. Ukiwa umeandikiwa povidoni ayodini, dawa ya kuua vijidudu, paka kiasi ulichoelekezwa, baada ya kumweleza daktari kama una ugonjwa wa tezi ya shingo, una mimba au unanyonyesha. Klorheksidini, dawa nyingine ya kuua vijidudu, isifike machoni wala ndani ya sikio.

Kausha kwa kugandamiza shashi safi bila kusugua, paka mafuta mgando kidogo, kisha funga upya.

Nyuzi zikishatolewa na kidonda kufunga kabisa, ndipo kazi ya kovu inapoanza. Bandika karatasi ya silikoni kwa saa 12 au zaidi kila siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu, na ulikinge kovu na jua. Likianza kuwasha, kuwa gumu na kutambaa nje ya mpaka wa mshono, hiyo huenda ni keloidi. Muone daktari wa ngozi mapema, kwa kuwa sindano za steroidi hulisaidia zaidi likiwa bado dogo.