Ngazi ya kona: umeandika JUU?

SAIDI: Karibuni tena. Mimi Saidi, na dada Rehema yupo, ametoka kazini moja kwa moja. Leo tumepanga mambo matatu: kupima vipandio vya kona, yaani pale ngazi inapopinda, kuvifunga, na kile kipandio cha chini cha mviringo ambacho wengi mmekiulizia. Dada, wiki hii ulikuwa kwenye zege.

REHEMA: Ngazi ya zege tunayoivisha mbao, vipandio 14, vitatu ni vya kona. Na jana ubao mmoja wa mwaloni umegeuka kuni. Kiolezo, ile sampuli ya umbo unayochorea ubao, kilikuwa sahihi, ubao ukakatwa kinyume.

SAIDI: Hakikuandikwa JUU.

REHEMA: Hakikuandikwa. Kipandio cha kona kina umbo kama la kishada cha kurusha angani, na kiolezo chake ukikilaza huku au huku kwa macho ni kilekile. Ukikigeuza umekata kipandio cha ngazi inayopindia upande wa pili. Ubao wa mstatili ungeuzungusha tu. Huu hauna pa kwenda.

SAIDI: Basi tuanzie kwenye kupima.

REHEMA: Tepu na skwea ziwekwe pembeni. Kona inayoonekana digrii 90 ukiipima unaweza kukuta 89, na digrii moja kwenye urefu wa milimita 900 ni karibu milimita 16. Chukua vipande vya plaiwudi ya milimita 3, upana milimita 50. Kimoja kisukume kiguse ukuta, kingine kiguse uso uliosimama nyuma ya kipandio, kingine upande mwembamba wa ndani, cha mwisho kifuate ukingo wa mbele. Vinapopandana, tone la gundi ya moto. Halafu kipande cha mshazari, hicho ni cha lazima. Bila mshazari, ukikinyanyua tu pembe zinacheza, nawe hujui mpaka ubao ukatae kuingia.

SAIDI: Wengi wanatumia boksi la karatasi.

REHEMA: Boksi gumu linafaa kwa kukadiria mbao. Kwa kukatia, hapana. Ukingo wake unapondeka ukiusukuma kwenye plasta, na hapo umeshapoteza milimita moja au mbili.

SAIDI: Na ukuta wenye mawimbi?

REHEMA: Bikari. Ifungue kwa upana wa mwanya mkubwa kuliko yote, sindano ipite ukutani, penseli ichore kwenye plaiwudi. Ielekee upande uleule mwanzo hadi mwisho. Ukiizungusha kufuata ukuta, mstari unadanganya. Ukimaliza: namba ya kipandio, mshale wa kuonyesha mbele, na JUU.

SAIDI: Tukae hapo kwenye JUU, maana wapo watu wanaoandika na bado wanakosea.

REHEMA: Wapo, na sababu ni jigso, ule msumeno mdogo wa umeme wa kushika mkononi. Meno ya msumeno wake wa kawaida yanakata yakipanda, kwa hiyo uso wa juu ndio unaochanika. Fundi makini analaza ubao kifudifudi ili michaniko ibaki chini. Vizuri sana. Sasa kiolezo kikae vipi?

SAIDI: Kifudifudi vilevile.

REHEMA: Neno JUU liangalie mbao, usilione kabisa. Ukiliona huku ubao umelala kifudifudi, simama, usiwashe mashine. Ndiyo maana mimi upande wa pili napiga msalaba mkubwa wa wino. Ubao kifudifudi, nautafuta msalaba.

SAIDI: Mimi ningeandika CHINI.

REHEMA: Andika, mradi kila upande uwe na alama yake. Na mtego haujaisha. Ukingo wa kuelekea ukutani unakatwa kwa mshazari wa digrii 3 hadi 5, sehemu ya chini ikiliwa zaidi, ili ncha ya juu peke yake ndiyo iguse plasta. Ubao ukiwa kifudifudi, mlalo wa jigso nao unageuka. Wengi wanakumbuka kugeuza kiolezo, wanasahau mlalo, mshazari unatoka kinyume. Hapo chini ndiko kunakogusa ukuta na juu kunabaki mwanya.

SAIDI: Kwa hiyo kata kwanza kipande cha mbao mbovu.

REHEMA: Kata. Kwenye ubao wenyewe acha milimita moja nje ya mstari, umalizie kwa randa ndogo na msasa.

SAIDI: Sawa, tuingie kwenye kufunga, muda unakwenda. Mimi ni gundi ya poliyurethani inayovutika, mistari ubao mzima, zege likiwa kavu na halina vumbi. Ubao ukae kimya.

REHEMA: Kwenye vipandio vilivyonyooka nakubali. Kwenye kona sikubali. Upande mpana una milimita 700, mwembamba 150. Mwaloni mweupe uliopasuliwa kawaida unatanuka karibu asilimia 0.36 ya upana wake kila unyevu wa mbao ukipanda kwa asilimia 1. Ukipanda kwa 2, kule ni milimita 5, huku ni 1. Ubao mmoja, mwendo miwili. Ukiugandisha wote, utapasuka au utaing'oa gundi. Gundisha milimita 150 za mbele, nyuma uache huru, na mwanya wa milimita 6 ufichwe na ubao wa kusimama.

SAIDI: Nyuma ukiiacha huru, zege halijanyooka, kila mtu akikanyaga utasikia mlio. Na gundi hiyo imetengenezwa ivutike.

REHEMA: Tabaka la milimita 2 livutike milimita 5? Zege lisawazishwe kwanza, mlio hautakuwepo.

SAIDI: Tumia mbao ambazo pete zake zimesimama wima kwenye kichwa cha ubao. Mwendo unapungua hadi karibu nusu.

REHEMA: Nusu ya 5 bado ni 2.5, na upande wa pili bado ni nusu milimita. Tofauti iko palepale.

SAIDI: Gundi inaibeba hiyo. Mimi nafunga wote.

REHEMA: Mimi nafunga mbele.

SAIDI: Nimeambiwa tuna dakika moja. Kipandio cha mviringo hatukifikii, rangi pia hatuigusi.

REHEMA: Basi niseme la unene tu. Mbao za milimita 20 juu ya kila kipandio zinaongeza 20 kwenye kimo cha hatua ya kwanza na kupunguza 20 kwenye ya mwisho, kama sakafu za chini na juu hazijapanda. Hiyo ni tofauti ya 40 ndani ya ngazi moja, na kanuni za nyumba za makazi za Marekani haziruhusu tofauti ipite milimita 9.5. Mguu unajikwaa hapo. Pima hatua zote kabla hujanunua...

SAIDI: Dada, wanatukatia.

REHEMA: ...na sakafu ya juu, Saidi, ipimwe ikiwa imeshawekwa, siyo zege tupu.